Asiye na Imani Atoke Juani

Kama ungetaka kumjua Fausta, mke wa Urban fundi mwashi, usingemfuata nyumbani kwake, wala kanisani, ambako alikaa benchi la nyuma na kutoka wa kwanza. Ungesubiri msiba. Msiba ukitokea Mjimwema, mtaa wa mjini Songea, uwe wa Mngoni mzaliwa au wa mwalimu aliyehamia juzi kutoka Mbeya, mtu wa kwanza kuonekana uani alikuwa Fausta, kitenge kimefungwa kiunoni mara mbili, akipanga mafiga. Hakuwa mwanamke wa maneno. Lakini akisimama mbele ya sufuria la msiba, mwiko mrefu mkononi, wanaume wenye vyeo vyao walimpisha. Alijua nani hajala, nani amekula mara mbili, na nani anazunguka nyuma ya nyumba kutafuta ya tatu.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Bi Adela alipikia misiba ya kijijini Maposeni tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipomgomea, ndipo Fausta akamleta mjini kukaa naye. Huko barazani, juu ya mkeka, bibi alikuwa na wimbo mmoja.

"Nimepikia wafu wa kila mtu," alisema. "Siku yangu, moshi uonekane."

"Utaonekana, mama."

"Siyo moshi wa kuchemshia chai."

"Utaonekana, mama," Fausta alijibu, kama mtu anayeitikia amina, bila kufikiri kwamba kuna siku atadaiwa ahadi hiyo.

Zamani palikuwa na vyama viwili vya kuzikana mtaani hapo. Wenyeji walikuwa na chao, chenye watu wengi, majembe na masufuria. Wageni, yaani walimu, manesi na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, walikuwa na chao kidogo, chenye turubai zuri, viti vya plastiki, na gari aina ya pikapu la Muhsini, muuza vifaa vya ujenzi aliyetoka Tunduru. Kila upande ulizika watu wake. Halafu mwaka mmoja, katikati ya mvua, mtoto wa nesi mmoja alifariki, na Fausta akitoka shambani aliwaona wanaume wanne tu wakihangaika na kaburi lililokuwa linajaa maji. Mmoja alikuwa Muhsini, kanzu ameichomeka ndani ya suruali. Fausta alitua mzigo wake wa mboga njiani, akaenda kumwita Urban. Urban akaja na sepetu na mafundi wenzake. Kaburi likaisha. Katika kunawa mikono siku ile ndipo mazungumzo ya kuungana yalipoanza.

Waliungana, lakini kwa kutegeana. Katiba ilisema mwenyekiti akitoka upande mmoja, makamu atoke upande wa pili. Tena ilisema kwamba wanachama wakipiga kura ya kutokuwa na imani na viongozi hao, na kura ikapita, umoja unavunjika palepale: kila upande unachukua vyombo vyake na kuondoka. Muhsini akawa mwenyekiti. Upande wa wenyeji, baada ya wanaume kuvutana mpaka kuchoka, wakamtaja Fausta awe makamu, kwa sababu hakuwa na adui. Vijana waliosikiliza redio wakauita uongozi huo serikali ya mseto.

Namna ya kupiga kura ilitoka kwa wenyeji. Wazee wengi hawakuweza kuandika, na kura ya siri waliiona kama chanzo cha maneno ya pembeni. Kwa hiyo mkutano ulikaa chini ya turubai, na mwenye hoja akimaliza kusema, mwenyekiti alitamka: aliye na imani abaki kivulini, asiye na imani atoke juani. Kila mtu alimwona mwenzake.

*

Kilicholeta balaa ni kanuni ya jiko.

Mume wa Suzana alikufa wakati wa kiangazi, na watu wakaja wengi kama ilivyo desturi. Walikula siku ya kwanza, wakala ya pili, wakala siku ya mazishi, wakala mpaka matanga yalipoanuliwa. Fausta ndiye aliyekuwa akiingia kwenye kihenge cha Suzana kuchota mahindi ya kupeleka mashineni. Siku ya mwisho alisikia debe likikwaruza sakafu. Alisimama mle gizani na debe lake, nje watu wakiimba, na watoto wa Suzana wakibeba sahani kuwapelekea wageni. Akachota hayo yaliyobaki, maana watu walikuwa wanasubiri.

Mwezi uliofuata alimkuta Suzana anapalilia shamba la mtu ili apate unga.

Muhsini alipoleta kanuni yake mpya, kwamba tangu mtu afariki mpaka matanga yaanuliwe jiko la msiba libaki baridi, usipikwe ugali wala nyama, ila uji wa wafiwa na wa wageni waliotoka mbali, wengine wote wale kwao, Fausta alikunja kitenge chake magotini. Wanawake wa jiko walimtazama. Kisha akasema, kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, "Mimi naunga mkono."

Leonce hakuunga. Leonce alikuwa dereva mstaafu wa lori, mzee mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, na kwenye kundi la WhatsApp la chama alituma ujumbe wa sauti ambao watu waliurudiarudia kwa siku kadhaa. "Ndugu wanachama, tumefika mahali mtu wa Songea anazikwa kama mtu aliyefia gerezani."

Akaleta hoja ya kutokuwa na imani.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na wewe," alisema siku ya mkutano. "Ila hapa kwetu tunamlilia mtu mpaka ashibe."

"Anayeshiba ni nani, Mzee Leonce?" Muhsini aliuliza. "Marehemu au wewe?"

Watu walicheka, na Leonce mwenyewe akacheka, akishika tumbo. Lakini hoja haikuondoka kwa kicheko. Muhsini alitamka maneno yake, na watu wakaanza kusimama na kutoka juani, wenyeji wengi na wageni wachache. Wanawake wa jiko walitoka wote kwa pamoja, wakiongozwa na Recho, ambaye alikuwa amesonga ugali bega kwa bega na Fausta tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Recho alipofika kwenye ukingo wa kivuli aligeuka, akasubiri. Fausta alikuwa ameshika nguzo ya turubai. Hakuiachia.

Waliobaki kivulini waliwazidi wenzao kwa watu watatu. Umoja ukapona.

Kesho yake bombani, Recho aliweka ndoo yake nyuma ya ile ya Fausta, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Umekalia kivuli cha watu, Mama Dastan."

"Kivuli ni cha wote."

"Sawa, ni cha wote. Lakini jiko lilikuwa letu."

Ilikuwa kweli. Pale jikoni ndipo wanawake walipocheka, wakaonyana, wakapeana habari za waume zao na dawa za watoto. Pale ndipo yeye Fausta alipokuwa mtu. Kanuni ile ilimpokonya mwiko, na yeye ndiye aliyeiokoa. Alijitwika ndoo akaondoka, na njia nzima alijiuliza kama debe lile lililokwaruza sakafu lilitosha kuwa sababu.

*

Bi Adela alifariki mwanzoni mwa Desemba, asubuhi, akiwa ameshika kikombe. Hakuugua siku nyingi. Jioni ya kabla yake alikuwa amelalamika kwamba misiba sasa haitakuwa na harufu.

Muhsini alifika mapema, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda. Alimpa Urban mkono wa pole, kisha akamwomba Fausta wasogee pembeni.

"Mama Dastan, huyu siyo marehemu wa kawaida. Huyu ndiye aliyekufundisha kupikia misiba. Ukitaka, tuseme kanuni itaanza baada ya hapa. Hakuna atakayekulaumu."

Fausta alitazama mlango wa chumba alikolazwa mama yake. Maneno yale yalimfikia kama maji kwa mtu mwenye kiu. Alikuwa ameahidi mara ngapi? Angeweza kuweka mafiga sasa hivi, na wanawake wote wangemrudia, Recho wa kwanza.

"Na wa kesho?" aliuliza. "Naye tutamwambia itaanza baada yake?"

Muhsini alivaa kofia yake. "Basi. Mungu akupe nguvu."

Ndugu wa Maposeni waliingia saa sita, wamejaa kwenye gari, na mbele yao mjomba Pankrasi, mdogo wake marehemu. Walilia, wakapumzika, kisha mjomba akaanza kunusa hewa. Alizunguka nyumba. Alirudi amekunja uso.

"Fausta. Jiko liko wapi?"

"Shikamoo, mjomba. Kuna uji."

"Marahaba. Uji nimeuona. Nauliza jiko."

"Ni kanuni ya chama, mjomba. Mpaka matanga yaanuliwe."

"Nimesikia kanuni inasema wageni wa mbali wale. Sisi tumetoka Maposeni."

Muhsini alijaribu kusaidia. "Mzee, wa mbali ni kama wa Tunduru. Maposeni mtu anatoka asubuhi kuuza mahindi na anarudi kula mchana kwake."

"Wewe umeshawahi kutoka Maposeni na njaa?" mjomba alimuuliza. "Umbali haupimwi hivyo."

Hata wafiwa walishindwa kujizuia, wakaficha midomo kwenye khanga. Lakini mjomba hakuwa anatania. Alimtazama Fausta na kusema taratibu, "Dada yangu alipikia misiba ya kijiji kizima. Anaondoka kwa uji." Fausta alimpa bakuli kwa mikono miwili, amepiga goti. Mzee aliliangalia bakuli kwa muda, akalipokea. Alikunywa uji wote akiwa ameupa uwanja mgongo.

Ndipo jambo lenyewe likatokea. Katika chama kile, tangu enzi za wenyeji peke yao, mwanachama haji msibani mikono mitupu. Huja na ukuni mmoja. Kanuni mpya ilikuwa imekataza kupika. Hakuna aliyefikiri kukataza kuni, na msiba ule ndio ulikuwa wa kwanza tangu kanuni ipite. Kwa hiyo watu walikuja kama walivyozoea, kila mmoja na ukuni wake kichwani, begani, au umefungwa nyuma ya bodaboda. Na kwa kuwa Bi Adela alikuwa mtu wa jiko, hakuna aliyetaka kuonekana ameleta kijiti. Leonce alileta gogo la mkaratusi lililobebwa na watu wawili. Nesi aliyefiwa na mtoto zamani aliuleta wake kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Recho alikuja na ukuni wa mwembe uliokauka vizuri, akaubwaga bila kumsalimia Fausta, akaenda kukaa na waombolezaji. Rundo lilipanda mpaka likafika dirishani, na jiko liko baridi.

Urban, ambaye kwa siku nzima hakuwa amesema maneno kumi, alisimama akalitazama.

"Sasa hizi," alisema, "tunachomea matofali?"

Walimzika Bi Adela saa kumi. Watu walirudi, wakanawa mikono, wakaenda kula kwao. Kwa kawaida, baada ya msiba mfiwa alibaki na majivu, masizi na sahani zilizopotea. Fausta alibaki na uwanja uliofagiliwa, kihenge chenye mahindi yake yote, na mlima wa kuni. Alikaa kwenye kizingiti akiutazama mlima ule, akalia kuliko alivyolia makaburini, kwa sababu moshi wa mama yake ulikuwa umelala pale mbele yake, mbichi, haujawashwa.

*

Mvua za kifuku, ndiyo masika ya kule kusini, zilianza wiki ileile. Urban alizisogeza kuni chini ya upenu, akazifunika bati. Na Fausta akaanza kuzitumia moja moja.

Hakuwa amejua kwamba atazitambua. Lakini mtu aliyekaa jikoni miaka yote hiyo anajua kuni za watu kama anavyojua mwendo wao. Huu wenye fundo umetoka kwa mwalimu. Huu mwekundu ndani umetoka kwa katekista. Alipouweka ukuni motoni alimkumbuka aliyeuleta, na asubuhi nyingine alijikuta anamwombea bila kukusudia. Ukuni wa Suzana ulikuwa kifungu cha vijiti vya mbaazi, vyembamba kama vidole, kwa kuwa Suzana hakuwa na kingine. Huo aliuweka kando.

Januari, mvua ilipofululiza, nyumba nyingi zilikosa kuni kavu. Asubuhi moja Recho alisimama uani, khanga kichwani, maji yanamtiririka.

"Nimekuja kuomba moto," alisema, kama anayegombeza. "Zangu zote zimelowa. Wajukuu hawajanywa chai."

"Chukua unazotaka."

Recho aliinua bati, akachagua, mkono wake ukasimama. "Huu si wangu?"

"Ni wako."

"Bado hujauchoma?"

"Sijaufikia."

Recho aliugeuza ukuni wa mwembe huku na huku. "Mumewe Suzana tulipomzika," alisema, "zilikwisha zote siku ya pili. Nakumbuka tulivunja hadi uzio." Alichukua ukuni wa mtu mwingine, wake akaurudisha mahali pake, akaondoka kwenye mvua.

Leonce hakuwa amekata tamaa. Alileta hoja ya pili, na sasa alikuwa na maneno makali zaidi: kwamba makamu mwenyekiti amemzika mama yake mzazi kwa uji, na kama uongozi hauna huruma kwa wafu wake wenyewe, utakuwa na huruma kwa nani. Watu walihesabu pembeni wakasema safari hii umoja hauponi. Watu wa Muhsini walikwishaanza kuulizana turubai litahifadhiwa wapi.

Mkutano ulianza kwa wingu, na Leonce alipomaliza kusema, mvua ikashuka. Ilipiga turubai mpaka watu wakasogeleana katikati. Wote walielewa jambo moja kwa wakati mmoja, na minong'ono ikaanza: asiye na imani atoke wapi sasa?

Kijana mmoja wa upande wa wageni alisema, "Mwenyekiti, tamka. Kanuni ni kanuni." Wenzake wakacheka kwa matumaini. Ni nani angetoka kwenye mvua ile?

Muhsini alimgeukia makamu wake. Angeweza kutamka. Alimngoja yeye.

"Tusubiri," Fausta alisema.

"Sema kwa nguvu, hatusikii," watu wa nyuma walidai.

"Tusubiri jua," alirudia. "Mtu asibaki humu kwa kuogopa kulowa."

Wakasubiri, wamebanana, wageni kwa wenyeji, magoti kwa magoti. Mvua haikuwa na haraka. Recho aliuliza kutoka upande wa wanawake wa jiko, "Mama Dastan, zile kuni zimebaki?"

"Zimebaki."

"Za kufika lini?"

Fausta hakuwahi kuhutubia mkutano. Alianza kwa kutazama miguu yake. Alisema zitafika mpaka mahindi mabichi, labda na zaidi. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akasema aliyokuwa hajamwambia hata Urban. Kwamba mama yake alimwomba moshi, na yeye akamnyima. Kwamba hajui kama alifanya sawa. Kuna siku anaona sawa, kuna siku haoni. Kwamba anaukosa mwiko wake na anawakosa wenzake. "Lakini kila siku nawasha moto kwa ukuni wa mtu," alisema. "Jana nilipikia wa Mzee Leonce. Ulipasuliwa na Urban kwa shoka, nikapikia maharage. Kwa mume wa Suzana tulizichoma zote, tukala, tukaondoka. Mimi mmenipa za kunifikisha mavuno. Sijui nisemeje. Nimemaliza."

Alishika nguzo yake tena. Leonce alikuwa anatazama mikono yake. "Lilikuwa gogo zuri lile," alisema hatimaye, si kwa mtu yeyote.

Jua lilipotoka, uwanja ulikuwa tope linalong'aa. Muhsini alitamka maneno, sauti yake imepungua. Leonce alisimama, akakunja suruali, akatoka, maana alikuwa mtu wa kushika neno lake. Wengine wakamfuata, wengi, na kila mmoja akitoka Fausta alihisi turubai linapungua uzito. Kisha macho yakawageukia wanawake wa jiko. Recho hakunyanyuka.

"Vipi, Mama Recho?" Leonce alimwita kutoka juani. Alizoea kumtania kwa jina hilo. "Tulikubaliana."

"Na tope hili?" Recho alijibu. "Kandambili zangu zimekatika."

Watu wote waliziona kandambili zake, nzima kabisa. Wanawake wengine wakaficha vicheko, wakabaki wamekaa.

Umoja ulipona mara ya pili. Kanuni ya jiko ilibaki, na siku hiyohiyo Suzana akasimama kuomba liongezwe neno moja: kuni ziendelee kuja, na zisichomwe msibani, zibaki kwa mfiwa. Hilo halikupigiwa kura, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu tena ya kutoka popote. Leonce alirudi kivulini na matope mpaka magotini, akamwambia Muhsini, "Mimi nikifa, mwambie kila mtu alete gogo. Vijiti sitaki." Mpaka leo anasema kanuni ile ni mbaya.

Masufuria makubwa yamefunikwa ghalani. Fausta hupita kuyatazama, hugonga moja kwa kidole, husikiliza linavyolia. Baadhi ya wanawake wa jiko hawajarudi kuwa kama zamani, na mjomba Pankrasi hajakanyaga tena Mjimwema.

Mwezi wa tatu, mahindi mabichi yalipoanza kuvunjwa, zilikuwa zimebaki kuni mbili. Fausta aliweka motoni ukuni wa mwembe wa Recho, na juu yake, vyote kwa mara moja, vijiti vya mbaazi vya Suzana. Vililia, vikashika, na moshi ukapanda mnene kupita paa.

Jioni Urban alirudi kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi. Aliegemeza baiskeli, akanawa, akapokea hindi la kuchoma.

"Leo ulikuwa unapika nini?" aliuliza. "Niko juu ya ukuta kule bondeni, naona moshi wa kwetu. Hata vibarua waliuona. Wakaniuliza, kwako kuna msiba?"

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia upo," Urban alisema. "Wa bibi."